Kihisi nyumbufu: utepe unaosoma mkunjo wa kidole

Kihisi nyumbufu ni kifaa chembamba kinachokunjika bila kuvunjika, na kila kinapokunjwa, umeme unaopita ndani yake hubadilika. Kikishonewa kwenye glavu au kubandikwa kwenye ngozi, kompyuta huweza kujua mkono umekaaje.

Aina inayotumika sana ni utepe wa plastiki uliopakwa wino wenye chembechembe za kaboni. Utepe ukinyooka, chembe hizo hukaribiana na umeme hupita kwa urahisi. Ukikunjwa, wino huvutika, chembe huachana, na ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, hupanda. Uvae kwenye kidole cha shahada, ukikunje polepole kama anayetaka kugonga mlango: namba kwenye skrini zinapanda nacho. Kinyooshe, zinashuka. Kila kidole kina utepe wake, hivyo ngumi ni namba tano kubwa, na kiganja kilichofunguliwa ni namba tano ndogo. Kwa glavu za kutafsiri lugha ya alama ya viziwi, programu huonyeshwa mifano mingi ya kila ishara, kisha hulinganisha.

Ila ngumi ya kifuani na ngumi ya pajani vidole vimekunjwa vilevile. Ndiyo maana glavu nyingi huongezewa kihisi cha mwendo, kama kile kinachogeuza skrini ya simu ukiilaza.

Mhandisi Mkenya Roy Allela, ambaye mpwa wake alizaliwa kiziwi, alitengeneza glavu za Sign-IO kwa njia hii: vihisi vidoleni, Bluetooth hadi kwenye simu, na simu inatamka neno. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha glavu ya nyuzi zinazovutika iliyotambua ishara za mikono. Wao walibandika vihisi hata usoni, katikati ya nyusi na kando ya mdomo. Hapo ndipo penye uzito, kwa sababu lugha ya alama haiishii mikononi. Katika Lugha ya Alama ya Marekani, kuinua nyusi kunageuza kauli kuwa swali. Viziwi wengi wamelalamika kwamba glavu hulipita hilo, tena humtwika kiziwi mzigo wa kuvaa kifaa huku anayesikia hajifunzi hata ishara moja. Naona wana haki kabisa.

Kwenye mazoezi ya mgonjwa wa kiharusi, utepe huohuo hauhitaji kutafsiri chochote. Kinachotakiwa ni kujua kama kidole cha leo kimekunjika zaidi kuliko cha juma lililopita.