Taa Nyekundu Isiyo na Sababu: Ishara za Reli Zinavyofanya Kazi, na Kwa Nini Kazi Yake Haiharakishwi

Treni imesimama kati ya stesheni mbili. Mbele hakuna ng'ombe wala treni nyingine, lakini taa ni nyekundu na haibadiliki. Dakika 20 zinapita, abiria wanaanza kuchungulia madirishani, na minong'ono inazunguka behewani kwamba mitambo ni mibovu. Mara nyingi ni kweli kuna kifaa kilichoharibika. Ila mfumo wenyewe haujashindwa: umefanya kile ulichotengenezwa kufanya, yaani kusimamisha treni.

Hakuna fundi anayeweza kujenga mfumo wa ishara usioharibika kamwe. Anachoweza ni kuujenga ili kila hitilafu iangukie upande wa kusimama. Waya ukikatika, taa nyekundu. Umeme ukizimika, treni isimame. Ni jambo linalowahusu wakazi wa Igogo, ambako reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 inapita katikati ya makazi, na wa Misungwi, ambako jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Isaka hadi Mwanza liliwekwa Juni 14, 2021. Wanaishi jirani na vifaa hivi, na wanachofanya kando ya reli kinaweza kuwasha nyekundu.

Tuanze na saketi ya reli, kifaa cha zamani ambacho hadi leo kinatumika sehemu nyingi duniani. Mmarekani William Robinson alipata hataza yake mwaka 1872. Chukua kipande cha reli cha kilomita moja, ukitenganishe na vipande jirani kwa vibapa vya nailoni vinavyozuia umeme usivuke. Mwisho mmoja funga chanzo cha umeme wa volti chache. Mwisho wa pili funga rilei, yaani sumaku ya umeme inayonyanyua mkono mdogo wa chuma. Njia ikiwa tupu, umeme unakwenda kwa reli moja na kurudi kwa nyingine, mkono unabaki juu, na taa inaweza kuruhusu. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake, yaani vyuma vinavyounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, zinaunganisha reli mbili. Umeme unakatiza humo, haufiki kwenye rilei, na mkono unaanguka kwa uzito wake wenyewe. Haukuwekewa mota ya kuushusha, kwa sababu mota hufa. Uzito haufi.

Uzuri wake ni kwamba reli ikivunjika vipande viwili, kwa kawaida mkono huo huo unaanguka, ingawa hakuna treni. Ubaya wake ni uchafu. Kokoto safi za granaiti hazipitishi umeme kirahisi. Zikijaa tope, mchanga, majivu na taka za sokoni, mvua ikinyesha umeme unavuja chini kutoka reli moja hadi nyingine, rilei inadhani kuna treni, na taa inakaa nyekundu mpaka jua litoke. Kwa hiyo anayemwaga taka kwenye reli anawasha nyekundu, hata kama hajagusa waya. Kutu nayo ina hatari ya upande wa pili, na hii ndiyo inayowatisha wataalamu zaidi. Reli isiyopitiwa na treni siku nyingi huvaa utando wa kutu unaozuia magurudumu kuunganisha umeme vizuri, na treni nyepesi inaweza isionekane. Mashirika makini huipitisha treni nzito kwanza kung'arisha reli kabla ya kuiamini saketi.

Kwenye njia zenye umeme wa kuendeshea treni, mafundi wengi hupendelea vihesabu ekseli. Ni vichwa viwili vidogo vinavyofungwa ubavuni mwa reli, kimoja kikituma uga wa sumaku na kingine kikiupokea. Gurudumu likipita, uga unavurugika, na mtambo unahesabu moja. Ekseli 40 zikiingia, lazima 40 zitoke ndipo kipande kihesabiwe kitupu. Zikitoka 39, kipande kinabaki kimefungwa. Sasa fikiria kibarua anayepumzika na kuegesha sepetu yake ya chuma kwenye kile kichwa. Mtambo unaweza kuhesabu ekseli isiyokuwepo, na kipande hakitafunguka mpaka mtu mwenye mamlaka ahakikishe hakuna kitu, arudishe hesabu kwenye sifuri, kisha treni ya kwanza ipite polepole dereva akitazama kwa macho. Kasoro nyingine: kihesabu hakijui kama reli imevunjika. Anayebadilisha saketi kwa vihesabu lazima aongeze ukaguzi wa reli, la sivyo amepoteza jicho moja bila kujua.

Pointi, yaani ulimi wa reli unaoipeleka treni njia hii au ile, ndizo zinazohitaji mkono wa binadamu kuliko vyote. Mota inausukuma ulimi hadi ulale kabisa kwenye reli ya ubavuni, kufuli inajifunga, na swichi inathibitisha kwamba umelala. Pengo la milimita chache linatosha kukataa uthibitisho. Kokoto moja ya ukubwa wa ndimu ikinaswa hapo, stesheni nzima inasimama. Watoto huziweka kwa mchezo. Wazazi waambieni kwamba mchezo huo ni hatari pia kwa mguu: ulimi unaendeshwa kutoka mbali, unafunga bila onyo, na hauna namna ya kujua kwamba kilichomo ni kisigino.

Na waya wa shaba? Ukikatwa, taa inakuwa nyekundu, kwa hiyo mwizi anaweza kujidanganya kwamba hakumuumiza mtu. Kumbe ameirudisha reli kwenye mdomo na karatasi. Kila treni sasa inahitaji ruhusa ya maneno kutoka kwa mwongozaji, dereva anairudia neno kwa neno, inaandikwa, treni inatambaa. Ulinzi uliobaki ni kumbukumbu ya watu wawili waliochoka. Ajali nyingi za reli zimezaliwa saa kama hizo.

Hapo ndipo ujenzi unapoingia, kwa sababu siku hatari kuliko zote katika maisha ya mfumo wa ishara ni ile ya kuhama kutoka wa zamani kwenda mpya. Asubuhi ya Desemba 12, 1988, karibu na Clapham Junction, London, treni za watu waliokuwa wakienda kazini ziligongana na watu 35 wakafa. Ishara za eneo hilo zilikuwa zinabadilishwa. Novemba 27 fundi alifunga waya mpya kwenye rilei, lakini ule wa zamani hakuukata wala kuufunga ncha ipasavyo. Ulibaki umeungwa upande mmoja, upande wa pili ukielea. Jumapili ya Desemba 11 kazi nyingine ilifanyika jirani, waya ukasogea, ukagusa mahali pake pa zamani. Kuanzia hapo rilei ilipata umeme hata treni ilipokuwa juu ya reli, na taa iliyopaswa kuwa nyekundu ikaruhusu. Uchunguzi ulionyesha kwamba fundi alikuwa amepumzika siku moja tu katika wiki 13, na kwamba hakuna mtu wa pili aliyezihesabu nyaya.

Kuhesabu nyaya maana yake ni kusimama mbele ya kabati, mchoro mkononi, na kwa kila skrubu kuuliza: mchoro unasema nyaya mbili, naona ngapi? Ukiona tatu, kazi inasimama. Anayehesabu asiwe aliyefunga. Baada ya hapo yanafuata majaribio ya njia: unafungua njia moja, kisha unajaribu kufungua nyingine inayogongana nayo, na mtambo lazima ukatae. Stesheni yenye njia 10 ina jozi 45 za kupitia. Yenye njia 40 ina jozi 780. Ukisikia reli imefungwa wikendi nzima na huoni katapila likifanya kazi, inawezekana watu wanapitia jozi hizo. Mwanasiasa au mkandarasi anayewaambia waziruke ili tarehe ya uzinduzi isipite anaomba kitu asichokijua bei yake.

Treni za mjini, kama zilizoanza Dar es Salaam Oktoba 2012, zinategemea ishara kuliko treni ya safari ndefu. Treni mbili haziruhusiwi katika kipande kimoja. Kipande cha kilomita 10 kikipitwa kwa kilomita 40 kwa saa, kinashikwa dakika 15, basi ni treni nne kwa saa hata ununue mabehewa mangapi. Kigawanye mara nne, na treni inayofuata mwelekeo huo huo haisubiri robo saa tena. Siku Mwanza ikizungumzia treni za mjini kwa dhati, swali la kwanza liwe urefu wa vipande.

Chini ya ishara kuna udongo, na Usukumani udongo wenyewe una majina. Luseni ni kichanga kisicho na matata makubwa. Mbuga, ule mweusi wa bondeni, huvimba wakati wa masika na kupasuka kiangazi, na tuta likikaa juu yake moja kwa moja, reli hupanda na kushuka kama ngazi. Dawa ni kuuchimba na kuutoa, kujaza moramu kwa tabaka, kushindilia na kupima kila tabaka, na kupeleka maji mbali na tuta. Mataruma, yaani mihimili inayolazwa chini ya reli, yakipangwa kila sentimita 60, kilomita moja inakula yapata 1,670. Reli nazo huchomelewa ziwe ndefu bila maungio. Mita 100 za reli huru zikipata nyuzi joto 30 zaidi hurefuka karibu sentimita 3.5, na urefu huo ukizuiliwa na kokoto chache, reli hupinda pembeni. Ndiyo sababu kuchota kokoto za kandokando kwa ajili ya zege la nyumbani ni kuiachia reli mlango wa kukimbilia.

Reli ya kisasa ina upana wa milimita 1,435, na treni za abiria zimesanifiwa kwenda kilomita 160 kwa saa. Hiyo ni mita 44 kila sekunde. Ikifunga breki inahitaji zaidi ya kilomita moja kusimama, na dereva hawezi kuona umbali huo kwenye kona. Kwa sababu hiyo, kipande cha Dar es Salaam hadi Makutupora kimewekewa mfumo unaompelekea dereva ruhusa kwa redio hadi kwenye skrini iliyo mbele yake, na akipuuza, treni inajifunga breki.

Juu ya njia ya aina hiyo kuna waya wa volti 25,000, na umeme huo hauhitaji kuguswa ili uruke. Wavuvi wanaobeba pondo ndefu kutoka mwaloni, mafundi wenye mabomba ya chuma, na wanaosimama juu ya lori la mabati: vishikeni vilale, msivisimamishe, na mbaki mita 3 kamili kutoka kwenye waya. Pondo iliyoloa maji ya ziwa hupitisha umeme.

Gari likizimika kwenye makutano ya reli na barabara, toeni watu wote kwanza. Mizigo iachwe. Ondokeni kwenye reli. Treni ikiwa tayari inakuja, kimbieni mkiiacha reli pembeni huku mkielekea upande inakotokea, maana mabaki ya gari hurushwa kule inakokwenda. Kama bado haijaonekana, piga 112 au stesheni ya karibu, kisha mtu mmoja kila upande aende mbali awezavyo kando ya reli, zaidi ya kilomita moja kama muda upo. Mchana apeperushe kitambaa chekundu, au anyooshe mikono yote miwili juu. Usiku tochi ya simu inatosha, ya rangi yoyote, ilimradi aitikise kwa nguvu huku na huku. Dereva amefundishwa kuisoma hiyo kama nyekundu.