Kabla Hujafika Kwenye Mkutano Wako wa Kwanza wa Kuacha Pombe

Mimi ni mshauri nasaha, na kazi yangu hapa Mombasa ni kuwasaidia watu wanaotaka kuacha pombe. Wanaonijia hawana haja ya kujua kama vikundi vya kusaidiana vinafaa. Wanachouliza ni mkutano unafanyika wapi, nani atawapokea, na itakuwaje jirani akiwaona wakiingia. Sijawahi kuyadharau maswali hayo, kwa kuwa wengi ninaowajua waliokata tamaa hawakufika hata kwenye Hatua ya Kwanza kati ya zile Hatua Kumi na Mbili ambazo vikundi hivyo hufuata katika kuacha pombe, walishindwa mlangoni.

Kikundi kinachojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, kilichoanza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, pale Bill Wilson, dalali wa hisa, alipokutana na daktari wa upasuaji Bob Smith, na wote wawili wakaona kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake kuliko anavyomsikiliza mke, bosi au mhubiri. Kwa kifupi huitwa AA, ila ukiuliza AA mitaani hapa Kenya huenda ukaelekezwa kwenye shule ya udereva. Ni afadhali upige 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali inayoshughulikia ulevi na dawa za kulevya, au uulize katika kituo cha kurekebisha tabia kilicho karibu nawe, kwani vingi hutumia Hatua hizo hizo na wahudumu wake huijua mikutano ya eneo lao. Orodha za mtandaoni pia zipo, lakini ukumbi huhama na siku hubadilika, kwa hiyo hakikisha kwa simu kabla ya kutoka nyumbani.

Nasisitiza hilo la kuhakikisha kwa sababu niliwahi kumponza mtu. Nilimwandikia mteja ujumbe kwa haraka, nikanakili saa kama ilivyokuwa kwenye orodha ya Kiingereza, naye akasoma “saa 6”, akafika adhuhuri akiwa amenyoa ndevu na kuvaa shati lililopigwa pasi. Alikuta kufuli mlangoni na kijana anayefagia uwanja, ambaye hakujua lolote kuhusu mkutano. Mangwe, yaani mahali pa kunywea mnazi, haikuwa mbali. Alirudi kwangu baada ya miezi minne, na tangu siku hiyo huandika “saa 12 jioni” kwa maneno kamili, na mara ya kwanza humtafutia mtu mwenyeji wa kumngoja langoni.

Kuna jambo moja la kitabibu lisilopaswa kusubiri mkutano. Mtu anayekunywa kila siku, ambaye asubuhi mikono humtetemeka hadi azimue kwa kunywa tena, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Degedege linaweza kumpata ndani ya saa 48 za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo, hata akapoteza maisha. Aende hospitali kwanza, apewe dawa za kutuliza mwili pamoja na vitamini B1. Wanachama wa kikundi ni watu wema, lakini si madaktari.

Ndani ya ukumbi hakuna maajabu. Kuna viti vya plastiki, mara nyingi chai, na mtu mmoja anayeongoza kwa zamu. Kila anayezungumza hutaja jina lake la kwanza tu na kusema kwamba yeye ni mlevi, kisha husimulia yake bila kukatizwa wala kushauriwa. Wewe unaruhusiwa kusema, “Leo nitasikiliza tu,” na hakuna atakayekushurutisha. Hakuna ada, kikapu kikipitishwa, mgeni halazimiki kutoa kitu. Sharti la uanachama ni moja, nia ya kuacha kunywa. Ukitaka kwenda na mke wako au ndugu yako, uliza kwanza kama mkutano ni wa wazi, maana ule uliofungwa ni wa wenye tatizo lenyewe pekee.

Wateja wangu Waislamu hupata ugumu wa ziada, kwa sababu kumbi nyingi ziko katika viwanja vya makanisa, na mtu ambaye tayari anabeba aibu ya pombe nyumbani hataki kuonekana akiingia huko. Huwaeleza kwamba kikundi hutumia chumba tu na hakifungamani na dini yoyote, na kwamba Hatua zenyewe humtaja Mungu “kwa jinsi tulivyomwelewa”. Wengine huridhika, wengine hapana. Hao huwaanzishia mikutano ya mtandaoni, ingawa kwa maoni yangu skrini haina uzito wa mtu anayekusogezea kiti.

Mkutano mmoja hautoshi kukijua kikundi. Nenda mara sita, ikiwezekana katika vikundi viwili tofauti, na kila mara ubaki dakika kumi baada ya kufunga, wakati viti vinapopangwa na namba za simu zinapobadilishwa, kwa kuwa hapo ndipo hupatikana mdhamini, yaani mwanachama aliyetangulia atakayepokea simu yako saa 4 usiku kiu inapokubana. Na kama mji wako hauna kikundi, desturi ya AA inasema walevi wawili au watatu waliokusanyika kwa ajili ya kuacha pombe wanaweza kujiita kikundi. Huko Kwale ninawajua wawili wanaokutana chini ya mwembe kila Jumamosi saa 10 alasiri, saa ambayo zamani walikuwa wakielekea mangweni pamoja.