Namba ya mpango si kibali cha HMRC

Wiki hii nimeulizwa tena kama namba ambayo HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, huutolea mpango wa kupunguza kodi ni kibali. Muuguzi wa mkataba hapa Uingereza, mtu makini kazini kwake, amenionyesha karatasi ya kampuni mwavuli, yaani kampuni inayomwajiri mfanyakazi wa mkataba na kupokea malipo yake kutoka kwa wakala aliyempatia kazi, iliyomwahidi kwamba atabaki na asilimia 85 ya malipo yake. Chini ya karatasi kuna namba ya tarakimu nane. Akaniambia, "Si unaona? HMRC wenyewe wameusajili." Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na kila niliyemsikia akiisema aliuziwa na mtu aliyejua si kweli.

Kwa wasioujua mpango wenyewe, uko hivi. Wakala anailipa kampuni mwavuli, tuseme, pauni 6,000 za mwezi. Kampuni inakuandikia slipu ya mshahara wa pauni 2,000 hivi, karibu na kima cha chini, na hizo tu ndizo zinazokatwa PAYE na bima ya taifa, yaani mchango wa hifadhi ya jamii. Yenyewe inabeba 700 kama ada. Zilizobaki, 3,300, unatumiwa benki kwa jina lingine: mkopo kutoka mfuko wa amana (trust) ulioko nje ya nchi. Siku hizi neno mkopo limeshachafuka, kwa hiyo utasikia malipo ya awali, au mgawo wa hisa, au fedha za uwekezaji. Jina likibadilika, pesa ni ile ile ya zamu zako.

Sasa namba. Kuna sheria ya mwaka 2004 inayomlazimu mwuza mipango ya kupunguza kodi kuutangaza mpango wake kwa HMRC ukiwa na dalili fulani zilizotajwa kisheria. Akishautangaza, anapewa namba. Namba hiyo anapaswa kukupa wewe, nawe unapaswa kuiandika kwenye ritani yako. Kazi yake ni kuwawezesha maofisa kumjua kila aliyeutumia mpango huo ili waweze kumfuatilia. Ni kengele shingoni mwa paka, na anayevishwa ni wewe. HMRC haiidhinishi mpango wowote wa namna hii, na imelisema hilo hadharani mara nyingi. Anayekuonyesha namba kama cheti anakuonyesha onyo huku akikuambia ni baraka.

Na usidhani mpango usio na namba ndio salama. Wauzaji wengi wa sasa hawatangazi kabisa, kisha wanakuambia mpango wao ni wa kawaida kiasi kwamba hauhitaji kutangazwa. Hapo umetoka penye onyo ukaingia penye maficho.

Mwingine ataniambia: "Ninautumia mwaka wa tatu, hakuna aliyeniuliza." Kimya cha HMRC si ridhaa. Kwa kawaida wana miaka 4 ya kurudi nyuma, 6 ukiwa mzembe, na 20 iwapo ulifanya makusudi. Wengi walipata barua kampuni iliyowaingiza ikiwa imeshafungwa zamani.

Na ile karatasi ya maoni ya wakili mwandamizi ambayo mwuzaji hukuonyesha kwamba mpango ni halali? Iliandikwa kwa ajili ya mwuzaji, juu ya maelezo aliyoyatoa mwuzaji. Wewe si mteja wa wakili huyo.

Julai 2017 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya klabu ya soka ya Rangers: malipo ya kazi yakipitishwa kwenye amana yanabaki kuwa mapato ya kazi. Halafu ikaja tozo ya mikopo. Mikopo yote ambayo ilikuwa haijalipwa kufikia 5 Aprili 2019 ilihesabiwa kuwa mapato ya mwaka mmoja, hata ile iliyoanzia 1999. Baada ya mapitio ya Desemba 2019, mikopo iliyotolewa kabla ya 9 Desemba 2010 iliondolewa kwenye tozo, na watu wakaruhusiwa kuigawa iliyobaki katika miaka mitatu.

Hapa nakiri kwamba moyo wangu haujatulia. Naamini kodi ile ilistahili kulipwa. Siamini kwamba mzigo uliwaangukia waliostahili kuubeba. Wapo wauguzi na wafanyakazi wa ustawi wa jamii walioambiwa na wakala kwamba bila kujiunga na kampuni fulani hakuna zamu, na aliyekula ada kwa miaka kumi hakutozwa kama wao. Kumrudisha nyuma mtu hadi 1999 sikuwahi kuona haki yake. Mwenzangu wa fani hii anaweza kubishana nami, na ana hoja.

Linaloniuma zaidi ni lile ambalo wateja hawaliulizi kabisa. Ukishalipa kodi ya mkopo ule, mkopo haufi. Kwenye karatasi bado unadaiwa. Uliambiwa hautadaiwa kamwe, lakini sahihi uliyoweka inasema vingine, na wadhamini wa amana wanaweza kuuza deni. Watu wamepokea madai kutoka kwa kampuni wasizozijua, wakitakiwa kurudisha fedha ambazo walishazilipia kodi.

Kampuni mwavuli halali zipo, na makato yake yanaudhi kwa sababu bima ya taifa ya upande wa mwajiri hutoka kwenye malipo hayo hayo ya wakala. Kwa hiyo usipime kwa ukubwa wa makato. Chukua slipu, uiweke kando ya taarifa ya benki. Kilichoingia benki kikizidi kilichoandikwa slipu, uliza ziada ni nini, na usikubali kujibiwa kwa simu.

Kama umeshaingia, toka mwezi huu, kisha uwaandikie HMRC kabla hawajakuandikia, maana adhabu ya anayejitokeza mwenyewe huwa ndogo. Ukija kwangu, njoo na mkataba wa mkopo, slipu zote na taarifa za benki za miaka hiyo, pamoja na zile unazoona haya kuzionyesha.