Gari kuukuu: kabla ya kuuliza kilomita, uliza injini kama ni ya baridi

Wanaoniomba nikawakagulie gari kuukuu karibu wote huanza na swali moja: limetembea kilomita ngapi? Mimi namba hiyo huitazama mwisho. Odomita, yaani kipimo cha kilomita kwenye dashibodi, hurudishwa nyuma, na hata ikisema kweli, kilomita 250,000 za barabara kuu, oili ikibadilishwa kwa wakati, zinaweza kuichosha injini kidogo kuliko 90,000 za foleni za mjini na oili iliyogeuka tope. Nikitaka kujua gari limefanya kazi kiasi gani, naangalia raba ya pedali ya breki, ukingo wa kiti cha dereva na usukani. Pedali imelika mpaka chuma kinaonekana, halafu odomita inasoma 60,000? Hapo kuna mtu kadanganya.

Kazi yangu kubwa ni kutenganisha uchakavu na ugonjwa. Shokapu, bushi, betri, breki na tairi ni uchakavu: unanunua, unafunga, gharama unaipunguza kwenye bei. Magonjwa yanayonifanya niliache gari, hata likiuzwa kwa bei ya kutupa, ni matatu: kutu kwenye chesisi, injini iliyowahi kuchemka, na gia boksi iliyochoka.

Kwenye injini ndiko ninakokaa sana. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukikuta boneti ina joto, rudi siku nyingine, maana injini ikishapata moto huficha mengi. Ikiwa bado ya baridi, fungua kifuniko cha rejeta: maji yenye utando wa oili ni dalili mbaya. Kisha chomoa kijiti cha oili. Rangi ya maziwa ikiwa chini ya kifuniko cha oili tu, huenda ni mvuke wa safari fupifupi; ikiwa hata kwenye kijiti, maji yameingia kwenye oili, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi imekwisha. Sasa washa, mwenzako asimame nyuma. Moshi wa bluu unaotoka kidogo wakati wa kuwasha kisha ukakata mara nyingi ni sili za valvu. Ukizidi kila unapokanyaga mafuta, shuku ringi za pistoni, na hiyo ni kufungua injini. Mvuke mweupe asubuhi ya baridi ni kawaida. Ukiendelea injini ikiwa moto, tena una harufu tamutamu, inachoma maji ya rejeta.

Usipite dashibodi haraka. Geuza ufunguo bila kuwasha: taa ya injini lazima iwake, kisha izimike injini ikinguruma. Isipowaka kabisa, kuna uwezekano mtu ameizima kusudi. Fundi mwenye mashine ya kupimia asisome makosa pekee, aangalie pia kama kompyuta ya gari imemaliza vipimo vyake vya kujikagua. Vipimo vingi visipokuwa vimekamilika, kumbukumbu ya makosa imefutwa karibuni au betri ilichomolewa.

Kutu ya mlango ni ya macho tu. Linyanyue gari, ingia chini, ugonge kwa mpini wa bisibisi pale sasipensheni inaposhikilia bodi. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini tu ya gari kuukuu hunitia wasiwasi kuliko kutu yenyewe, kwa sababu sijui inafunika nini.

Gia boksi ya otomatiki ipimwe ikiwa na joto, baada ya kuendesha angalau nusu saa. Kutoka R (rivasi) kwenda D (mbele) ishike bila kukawia na bila kugonga.

Taimingi belti (mkanda unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni) isiyo na risiti ihesabu kama haijabadilishwa, kwani kwenye injini nyingi ikikatika pistoni hugonga valvu. Gharama yake ijumlishe na ya uchakavu wote, juu ya bei ya gari. Jumla ikikaribia bei ya gari la aina hiyohiyo la miaka ya karibuni zaidi, lenye kumbukumbu za sevisi, nunua hilo la pili.