Ajira Zilitangulia, Kura Ikafuata: Makaa ya Mawe na Siasa za West Virginia

Siasa za milima ya Appalachia, Marekani, hufupishwa hivi: migodi ilifungwa, watu wakakasirika, wakahama chama. Ukipanga miaka sawasawa, maelezo hayo hayasimami. Mwishoni mwa miaka ya 1940 West Virginia ilikuwa na wachimbaji zaidi ya 100,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa wamebaki chini ya 50,000. Hata hivyo, kuanzia 1932 hadi 1996 jimbo hilo lilimkataa mgombea urais wa Democratic mara 3 tu: 1956, 1972 na 1984. Ajira zilikwisha, kura ikabaki palepale. Ilihama mwaka 2000 George W. Bush wa Republican alipomshinda Al Gore, na kufikia 2016 Donald Trump alizoa karibu asilimia 68.

Swali la kuuliza, basi, ni kitu gani kiliwashikilia watu kwa miongo yote hiyo ya hasara.

Kilikuwa chama cha wafanyakazi wa migodini, United Mine Workers of America (UMWA). Kabla yake, kijiji cha mgodi kilikuwa mali ya kampuni: nyumba, duka, mara nyingi hata daktari. Sehemu ya ujira ililipwa kwa sarafu za kampuni, zisizopokelewa popote ila kwenye duka lake. Aliyegoma alipoteza kazi na makazi kwa mpigo mmoja. Mwaka 1921 wachimbaji kama 10,000 walishika silaha Blair Mountain, kaunti ya Logan, wakashindwa. Kilichobadilisha hali ni sheria ya 1933 ya serikali ya Rais Franklin Roosevelt wa Democratic, iliyotambua haki ya wafanyakazi kujiunga na kujadiliana na mwajiri. Ndani ya miezi michache chama kilikuwa kimeenea karibu milima yote. Uaminifu kwa Democratic ulianzia hapo, kwa jambo ambalo mchimbaji aliliona mkononi mwake.

Mkononi, kweli. Mkataba wa 1946 uliweka senti 5 kwa kila tani ziingie kwenye mfuko wa afya na pensheni. Mwaka 1950 kiongozi wa chama, John L. Lewis, alikubaliana na wenye migodi kwamba mfuko upate senti 30 kwa tani, na chama kisizuie mashine. Fedha hizo zilijenga hospitali 10 katika Kentucky, Virginia na West Virginia. Mashine nazo zikaingia. Zamani makaa yalichanjwa chini, yakatobolewa, yakalipuliwa kwa baruti, kisha yakapakiwa, kila hatua na watu wake. Mashine mpya ilikuwa na pipa la meno linalozunguka. Lilikwangua mwamba na kusukuma makaa nyuma kwenye gari bila kusimama. Mwaka 1997 jimbo lilichimba tani nyingi kuliko 1947, kwa chini ya moja ya tano ya watu.

Waliobaki walikuwa na kadi ya matibabu na pensheni, na kwenye vikao vya tawi walielezwa nani wa kumchagua na kwa nini. Uzi huo ndio uliokatika. Sheria ya hewa safi ya 1990 iliyapa soko makaa ya Wyoming yenye salfa kidogo, yanayochimbwa juu ya ardhi, na kazi ikazidi kuhamia kwa waajiri wasiotambua chama. Kufikia 2015 Kentucky haikuwa na mgodi wa chini ya ardhi uliokuwa ukichimbwa na wanachama wa UMWA.

Kauli ya «vita dhidi ya makaa», ambayo wapinzani wa serikali ya Obama waliitumia kulaumu sera zake, ilikuta vikao vya tawi vimenyamaza. Mpango wa serikali ya Obama wa kupunguza hewa ya ukaa kutoka mitambo ya umeme, uliotangazwa 2015, ulisimamishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani Februari 2016 na haukuwahi kutekelezwa; mshindani mkali wa makaa alikuwa gesi asilia, ambayo mwaka huohuo iliyapita katika kuzalisha umeme nchini humo. Lakini si haki kusema wachimbaji walidanganywa tu. Machi 2016 Hillary Clinton alitamka hadharani kwamba wachimbaji wengi na kampuni zao wangeondolewa kazini. Aliendelea kuahidi msaada, ila sentensi ya kwanza ndiyo iliyofika milimani. Kaunti ya McDowell, West Virginia, ilimpa Obama ushindi 2008, ikamkataa 2012. Mwaka 1950 ilikuwa na watu karibu 99,000. Sensa ya 2020 ilihesabu 19,111.

Hasara hiyo huonekana kwanza kwenye bajeti. Kwa miaka mingi ushuru wa makaa ulikuwa asilimia 5 ya mauzo, na asilimia 0.35 tu ndiyo iliyokuwa fungu la kaunti na miji. Tani ikiuzwa dola 60, jimbo lilipata dola 2.79, serikali zote za mitaa zikagawana senti 21. Ushuru huu hufuata bei na tani kwa pamoja, hivyo vikishuka vyote, pato huporomoka mara mbili, ilhali mabomba ya maji na mabasi ya shule hayapungui kwa kasi hiyo.

Anayetaka kuchunguza kaunti yoyote ya migodi aweke safu nne kwa mwaka: tani, wachimbaji, wanachama wa chama cha wafanyakazi, na idadi ya kura. Idadi, si asilimia, kwani asilimia huwaficha waliohama na waliokaa nyumbani. Asitegemee daftari la wapiga kura peke yake pia: West Virginia, Democratic walioandikishwa waliendelea kuwazidi Republican hadi 2021, miaka 20 baada ya kura yenyewe kugeuka.