Mchele, wapagazi na kamera mbili: jinsi ninavyoendesha kampeni ya Kokoda kwa mbali

Jumamosi usiku, kwenye mchezo wetu wa vita wa mezani, katikati ya mapigano ya Isurava, kijiji cha milimani Papua, mchezaji wangu wa Toronto alipata majeruhi sita wasioweza kutembea. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu lakini anaomba refa awe amesahau: "Kaka, hawa si wanaweza kungoja mpaka kesho?"

Sikuwa nimesahau. Machela moja, katika milima ile, ilitaka watu wanane. Kwa hiyo wapagazi 48 wakatua mizigo, wakainua majeruhi, wakageuka kurudi nyuma. Siku mbili baadaye kwenye ramani, kampuni yake ya mbele ililala na njaa. Hakuna risasi iliyofyatuliwa siku hiyo, na bado ndiyo siku aliyoanza kushindwa.

Naandika haya kwa sababu wengi wanaoniuliza kuhusu michezo ya vita ya sanamu ndogo hudhani kazi ni kupaka rangi askari wa milimita 15 na kutupa dadu. Kupaka rangi kupo, na dadu zipo. Lakini ukitaka kuchezesha vita vya msituni vya Pasifiki, tena wachezaji wakiwa mabara matatu, vitu viwili ndivyo vinavyobeba mchezo: chakula, na kutoona.

Mimi niko Tanga. Anayeongoza Waaustralia mstari wa mbele yuko Toronto. Kamanda wao mkuu, aliyekaa Port Moresby, ni mwalimu wa jiografia Nairobi, na wote tunamwita Mwalimu. Wajapani wako mikononi mwa rafiki yetu wa Muscat, ambaye kwetu ni Sheikh. Tunaanza saa tatu usiku kwangu na kwa Mwalimu, saa nne kwa Sheikh, na saa nane mchana kwa Toronto, ambako mwenzetu hujifungia chumbani na kuwaambia watoto baba yuko kazini.

Kwa asiyeijua vita yenyewe: usiku wa tarehe 21 Julai 1942 Wajapani walianza kushuka pwani ya kaskazini ya Papua, kwenye kisiwa cha New Guinea, eneo la Buna na Gona. Walikuwa wanaitaka Port Moresby, upande wa pili wa kisiwa. Katikati imelala safu ya milima ya Owen Stanley, na barabara hapakuwa. Palikuwa na njia ya miguu ya kilomita 96 hivi, inayopanda hadi zaidi ya mita 2,000, yenye matope, mizizi na vijito vinavyofurika ndani ya saa moja. Kokoda ni kijiji kilicho kwenye njia hiyo, na kilipiganiwa kwa sababu kilikuwa na kiwanja kidogo cha ndege. Waliotangulia kuwazuia Wajapani walikuwa askari wa Kipapua na vijana wa Batalioni ya 39 ya Australia, wanamgambo waliovaa kaki katikati ya kijani kitupu. Ukipaka rangi jeshi hili, usiwapake kijani. Najua wanapendeza zaidi, lakini usiwapake.

Sasa chakula. Msimamizi wa wapagazi upande wa Australia alikuwa Bert Kienzle, mwenye shamba la mpira karibu na Kokoda, mtu aliyeijua nchi ile kwa miguu yake. Aliwapigia wakubwa wake hesabu moja fupi ambayo mimi nimeifanya kanuni ya kwanza ya kampeni. Mpagazi aliyebeba chakula anaumaliza mzigo wake mwenyewe kwa siku 13. Akilisha na askari mmoja, mzigo unakwisha kwa siku sita na nusu. Na kutoka Ilolo, upande wa Port Moresby, hadi Deniki karibu na Kokoda, ni mwendo wa siku nane.

Kaa uipige mwenyewe. Mpagazi anafika Deniki akiwa na chakula cha siku tano, na kurudi kwake ni siku nane. Kabla hajampa askari hata biskuti moja, tayari ana deni la siku tatu. Kwa miguu peke yake vita hii haiwezekani, na Kienzle alisema hivyo bila kuzunguka. Hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili, sisi tulio na Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi, mitaa miwili iliyopata majina yake kutokana na Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza wa Vita vya Kwanza. Ndiyo maana kwenye meza yangu wapagazi si kibandiko cha pembeni kilichoandikwa "ugavi". Nimewapaka rangi mmoja mmoja, na wana daftari lao: wangapi wako njiani, wangapi wanaumwa, wangapi wametoroka. Walitoroka kweli wengi, na kwa mizigo ile sioni wa kuwalaumu.

Daftari liko kwenye jedwali la mtandaoni, na refa pekee ndiye anayeliona lote. Kipimo ni "mzigo": kilo 18, chakula cha mtu mmoja kwa siku 13. Kila siku ya kampeni jedwali linapunguza lenyewe. Mwalimu anaona kilichoondoka Port Moresby, Toronto anaona kilichofika. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo chanzo cha nusu ya ugomvi wetu.

Njia ya kutoka kwenye hesabu ya Kienzle ilikuwa ndege. Mapema Agosti Kienzle huyohuyo alikuta Myola, bonde tambarare la nyasi juu milimani lililokuwa ziwa lililokauka, na chakula kikaanza kudondoshwa pale. Mara nyingi bila miavuli. Vitu vilizungushiwa blanketi au magunia vikasukumwa mlangoni, na sehemu kubwa ilipasuka au kumezwa na msitu. Kwangu, kila ndege inatupiwa dadu mbili, na jumla yake ni mizigo mingapi kati ya kumi na miwili imepatikana ikiwa inalika. Mwalimu alipotupa mbili, alikaa kimya muda mrefu, halafu akaomba niiangalie tena kamera. Zilikuwa moja na moja. Na tarehe 17 Agosti ipo kwenye kalenda yangu kama ilivyokuwa: ndege za Japani zinashambulia uwanja wa Port Moresby na kuteketeza ndege za mizigo zilizopangwa pale. Mwalimu angeweza kuzitawanya mapema. Hakuuliza, nami si kazi yangu kumkumbusha.

Upande wa kutoona ndio uliofanya niipende kampeni ya mbali kuliko ya kukutana nyumbani. Mezani, ana kwa ana, kila mchezaji ni mwewe: anasimama juu ya uwanja na kuona kila kijiti. Utamwambia "askari wako haoni zaidi ya hatua kumi," atakubali, halafu ataisogeza bunduki yake ya rashasha mahali pale hasa inapotakiwa, kwa bahati tu. Macho hayaamriki. Lakini mtu aliye Muscat anaona kile tu ninachomwonyesha.

Nina simu mbili. Moja imefungwa juu ya meza na ni yangu peke yangu, kwa kumbukumbu. Ya pili ni simu ya zamani iliyopasuka kioo, naiweka mezani kwenyewe, nyuma ya bega la askari aliyetangulia. Mchezaji anaona majani, kisogo cha mwanajeshi wake, na labda kipande cha njia. Adui hawekwi mezani mpaka aonekane au afyatue. Kabla ya hapo yuko kwenye karatasi yangu yenye miraba, pamoja na namba kadhaa ambazo si kitu: nguruwe, tawi lililoanguka, woga.

Kuna hila ndogo ambayo nawapa bure. Simu inasikia dadu. Mchezaji akisikia nimetupa wakati hajaniuliza kitu, anajua kuna jambo. Basi mimi hutupa dadu za bure kila baada ya dakika chache, naguna kidogo, naandika kitu. Toronto alitumia risasi za nusu saa kuua kichaka.

Wiki mbili baadaye guno langu lilikuwa la kweli. Tarehe 8 Septemba 1942, pale Brigade Hill, kilima kwenye njia hiyohiyo, Wajapani walitokea kwenye mteremko wa magharibi na kukaa katikati ya makao ya Brigedia Arnold Potts, aliyewaongoza Waaustralia njiani, na batalioni zake za mbele. Sheikh anaijua historia hiyo, na Toronto anaijua pia, akaweka walinzi upande wa magharibi. Kwa hiyo Sheikh akapitia mashariki, kwenye genge ambalo mimi mwenyewe nilidhani halipandiki. Nilimtoza theluthi ya watu wake kwa kuchelewa na kupotea. Waliobaki walitosha.

Amri zote huandikwa kwa WhatsApp, kwangu tu. Kulikuwa na waya mmoja wa simu kando ya njia ile na wakimbiaji wa miguu, basi ujumbe wa Toronto kwenda kwa Mwalimu naushikilia mimi kwa saa kadhaa za kweli, au siku nzima dadu ikisema waya umekatika. Mara ya kwanza Mwalimu alikasirika akaniambia mchezo umeharibika. Niliuacha uharibike. Mkuu anayeamuru kutoka mbali asichokiona ndiyo habari yenyewe ya Kokoda. Makao ya Jenerali MacArthur, Mmarekani aliyekuwa mkuu wa majeshi yote ya upande wa Australia, kule Australia yaliwahi kupendekeza kuilipua njia kwenye upenyo wa Kokoda, kana kwamba ni mlango mwembamba unaozibwa kwa mawe. Upenyo huo una upana wa kilomita 11 hivi. Mwalimu naye, bila kuambiwa na mtu, aliniandikia siku moja akiomba baruti za kuziba upenyo. Nikamjibu kwamba ombi limepokelewa.

Kuhusu meza sina mengi. Msitu wa kununua ni ghali, na hapa Tanga sihitaji. Usumba wa nazi uliochovywa rangi ya kijani ni vichaka tosha, chelewa zilizokatwa ni mianzi, na nyuzi za mkonge zikisimamishwa kwenye gundi ya mbao zinafanana na nyasi za kunai, zile ndefu za Papua, kuliko kitu chochote nilichoona dukani. Jaza meza mpaka uone aibu, kisha ongeza. Kama unaweza kusogeza askari bila kugusa jani, huo si msitu, ni bustani ya hoteli. Kufyatua risasi kwangu hakuvuki sentimita 15, isipokuwa kwenye nyasi na viwanja vya vijiji.

Umeme ni shida, na bando nayo. Nilipochoka kuomba radhi nikaviingiza kwenye kanuni: umeme ukikatika Tanga, mvua imenyesha Papua. Tukirudi hewani kila mto umepanda na hakuna ndege siku hiyo. Sheikh sasa anaomba dua mgao uongezeke.

Ugonjwa usiuache. Waaustralia waliouawa kwenye njia ile ni zaidi ya 600, na waliougua ni zaidi ya 4,000: malaria, kuhara, miguu iliyooza kwa matope. Kila siku ya tatu natupa dadu kwa kila kampuni, na kikosi kilichokosa mzigo kamili kinatupa mara mbili. Wachezaji wapya hulalamika kwamba jeshi lao linayeyuka bila vita. Nawaambia wasubiri vita.

Sheikh alidhani haya yote yanawahusu Waaustralia. Nilimpa Jenerali Horii Tomitaro wake mchele wa majuma mawili na ahadi ya chakula cha kuteka mbele, maana ndivyo Wajapani walivyotarajia. Lakini Toronto alipoiacha Myola aliharibu akiba yote, kama Potts alivyofanya. Wapagazi wa Sheikh, ambao wengi nimewahesabu kuwa walioletwa kutoka Rabaul, kituo kikuu cha Wajapani eneo lile, walikuwa robo tu ya alioanza nao. Aliendelea kusonga. Mwisho wa Agosti ya kampeni alishika Isurava, na katikati ya Septemba alifika ukingo wa Ioribaiwa, mahali pale ambapo Wajapani usiku waliziona taa za Port Moresby.

Nilizima taa za nyumba. Nikapanga balbu ndogo za sherehe mwisho wa korido, nikaiweka ile simu iliyopasuka nyuma ya kisogo cha askari mmoja wa Kijapani, nikamwacha atazame. Alifurahi mno, nilimsikia akimwita mkewe aje kuona.

Ndipo nikamtumia nywila ya faili alilokuwa nalo tangu siku ya kwanza. Ndani ni amri ya tarehe 24 Septemba: rudini nyuma hadi pwani. Mambo yameharibika Guadalcanal, kisiwa ambako Wajapani wanapigana na Wamarekani, na hakuna atakayekuja kuwasaidia.

Hakusema kitu kwa muda. Toronto na Mwalimu walikuwa wamezimiwa sauti, hawajui lolote. Kisha Sheikh akauliza: "Refa, wagonjwa wangu wasioweza kutembea ni wangapi?"

"Themanini na watatu."

"Na machela moja bado ni watu wanane?"

Nikamwambia ni wanane. Akaniomba nimtumie jedwali la wapagazi wake, akaaga, na safari ya kurudi tunaianza Jumamosi ijayo.