"Safi" ya Jikoni na "Safi" ya Kwenye Bango

Tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uzinduliwe Mei 2024, kwa lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, matangazo ya gesi ya kupikia yameota majani. Karibu kila bango lina jani la kijani, mama anayetabasamu na maneno "rafiki wa mazingira". Malalamiko nayo yakafuata.

Tuanze na lile linalotuchosha sisi tunaoyapokea. Mwananchi anafika na sufuria yenye masizi, anadai katapeliwa kwa sababu gesi aliambiwa ni "safi". Ndugu, hilo ni jiko. Mwali ukiwa wa njano, matundu yameziba au hewa haitoshi. Mwite fundi, ayasafishe.

Penye jambo hasa hakuna anayelalamika. "Safi" ya kwenye mkakati ni habari ya moshi unaoumiza mapafu ya mpishi. Gesi ya mitungi ni propani na butani, zao la mafuta na gesi asilia. Mtungi wa kilo 15 ukiisha umeshatoa takribani kilo 45 za hewa ya ukaa, ile inayoongeza joto la dunia. Bado tunaihimiza kuliko mkaa. Ila muuzaji anayeandika "haichafui hewa kabisa", au anayedai hewa ya ukaa ya kila mtungi imefidiwa kwa kupanda mti bila kuonyesha mti uko wapi na nani kauhesabu, huyo amevuka mpaka.

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ushindani ya 2003 kinakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha. Faini inaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka. Lalamiko kwa Tume ya Ushindani (FCC) liandikwe: jina lako na mawasiliano, jina la kampuni, tarehe, mahali ulipoliona tangazo, risiti kama ulinunua, na picha ya bango zima. Zima, pamoja na yale maandishi madogo ya chini. Wakili wa kampuni huanzia hapohapo.

Halafu, kuhusu kampuni za gesi, lipo lile la "walitujengea zahanati, tutawasemaje?" Kifungu cha 222 cha Sheria ya Petroli ya 2015 kinamtaka mwenye leseni ya mafuta au gesi aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Si hisani. Mwulize diwani wako mpango wa mwaka huu unasema nini. Fidia ya ardhi na ushuru wa huduma ni madeni mengine, yasichanganywe humo.

Oktoba 2025 mahakama ya Paris iliamua kwamba TotalEnergies, kampuni ya mafuta ya Ufaransa na mbia mkuu wa bomba la mafuta ghafi la Hoima, Uganda, hadi Tanga, iliwapotosha wateja wa Ufaransa kuhusu ahadi zake za kupunguza hewa ya ukaa, ikaamriwa kuyaondoa maneno hayo kwenye tovuti yake. Shauri lilifunguliwa Machi 2022. Ni zaidi ya miaka mitatu, kwa hiyo risiti usiitupe.